Kisu chako na habari za Alamo

Mwanangu Salim,

Huku Sheffield sisi wazima, hofu ni kwako. Mama yako anakusalimu, anauliza kama umeshalipa kodi ya nyumba kabla ya kununua visu.

Picha zimefika. Huyo mzee aliyekuuzia hapo San Antonio anasema kisu kilikuwa kwenye ngome ya Alamo pamoja na Jim Bowie mwenyewe, yule mpiganaji aliyesifika kwa kisu chake. Maneno matamu, ila chapa inamuumbua. Tazama bapa pale linapokutana na mpini: I*XL, kisha George Wostenholm & Son, kisha Washington Works. Wostenholm, mtengeneza visu wa huku Sheffield, alihamia kiwanda hicho cha Washington Works mwaka 1848. Alamo ilianguka Machi 6, 1836, na Bowie akafia humo humo. Kisu chako kilikuwa bado miaka 12 kizaliwe, tena kwa uchache!

Na hicho unachokiita kisu cha Kimarekani kimetoka huku kwetu, Wellington Street, mtaa ninaoupita nikienda sokoni. Mafundi wa Sheffield waliwauzia Wamarekani visu vya namna hiyo kwa wingi. Hiyo I*XL ukiitamka kwa Kiingereza unasikia majigambo: "I excel", yaani nawapita wote. Kujisifu hakukuanza na madalali wa Kariakoo.

Sijaona neno "England". Sheria ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa za nje zipigwe jina la nchi zilikotoka, kwa hiyo kama chapa ni ya kweli, nakiweka kati ya 1848 na 1890 hivi.

Kama ni ya kweli, nasema, maana jina kubwa hugongwa hata kwenye chuma cha juzi. Chukua lenzi uangalie ndani ya herufi. Kutu ya zamani huingia hata kwenye mashimo ya herufi, rangi ile ile ya bapa zima. Ukiona herufi zimekata juu ya kutu, kingo zinang'aa, basi kuna mtu kazichonga baadaye.

Usikipige msasa, wala usikinoe. Kipanguse kwa mafuta kidogo, basi. Najua mkono wako: saa ya babu yako uliisugua kwa dawa ya meno mpaka nambari zikafutika.

Nipigie picha ya upande wa pili, na ya kile kipande kinachokinga vidole. Simama karibu na dirisha, usiwashe taa ya simu.

Baba yako