Filamu ya mapenzi hunogeshwa na kikwazo cha kweli

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niseme neno juu ya filamu za mapenzi, ambazo hapa Visiwani hutazamwa sana majumbani baada ya isha, wakubwa kwa wadogo wakiwa wamekaa mkeka mmoja, lakini zikizungumzwa huchukuliwa kuwa ni upuuzi usiostahiki hoja. Mimi sioni hivyo. Naamini kwamba filamu nzuri ya mapenzi ni ngumu kuitunga kuliko ya mapigano, kwa sababu mtazamaji anajua tangu mwanzo kwamba wawili hawa watapendana, na bado mtunzi anatakiwa amkalishe mpaka mwisho.

Kinachomridhisha mtazamaji, kwa maoni yangu, si sura za wachezaji wala fahari ya nyumba walizopigia picha, bali ni kile kinachowazuia wapenzi wasipatane. Wakizuiwa na jambo zito, ambalo hata sisi tunaotazama tukiulizwa hatuna jawabu la haraka, basi kila wanapokutana roho zetu huwa juu. Wakizuiwa na jambo ambalo maneno mawili yangelimaliza, tunachoka. Ni mara ngapi tumemwona msichana akimkuta mchumba wake amesimama na mwanamke mwengine, akageuka na kukimbia huku analia, ikatubidi tungoje mpaka sehemu ya pili ya filamu ndipo tujue kuwa yule mwanamke ni dada yake mchumba? Si angeuliza tu! Na mtunzi akishindwa kulifungua fundo alilolifunga mwenyewe, huleta gari likamgonga mpinzani, au maradhi yakamchukua baba mkali, na harusi ikafungwa. Hapo hakuna aliyeamua chochote, na furaha ya harusi ile haitugusi, maana haikumgharimu mtu.

Tazama namna filamu ya Kihindi Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Aditya Chopra, ilivyolishughulikia jambo hili. Raj na Simran, vijana wa Kihindi wanaoishi London, wanapendana safarini Ulaya, na huku baba yake Simran alishamuahidi rafiki yake wa Punjab kwamba binti ataolewa na mwanawe. Mama mtu anawapa vito vyake na kuwahimiza wakimbie. Raj anakataa, kwa sababu anataka akabidhiwe Simran na baba yake. Kukataa huko ndiko kunakoibeba filamu nzima. Baba naye hakufanywa shetani: ametoa ahadi, na anachelea watoto wake wasipotewe na desturi za kwao katika nchi ya ugeni. Kwa hiyo pale stesheni mwishoni, treni inapoanza kuondoka na Raj yumo ndani, na Simran anavutana na mkono wa baba yake aliyemshika, sisi tunawaonea uchungu wote wawili, mpaka baba anapouachia mkono ule kwa hiari yake. Ukumbi wa Maratha Mandir wa Mumbai uliionyesha filamu hiyo kwa zaidi ya miaka 20 mfululizo. Nasi huku, ambao tunajua uzito wa walii, yaani msimamizi anayemuozesha binti, katika ndoa, hatuhitaji kufafanuliwa kwa nini kijana yule hakuridhika kutoroka na mtoto wa watu. Wazee wetu waliokuwa wakijaza kumbi za sinema za Majestic, Empire na Cine Afrique kwa ajili ya filamu za Kihindi, wengi wao hawakuifahamu lugha, lakini kikwazo walikifahamu.

Si lazima wapenzi waoane. Katika Roman Holiday, filamu ya Marekani ya mwaka 1953, binti wa kifalme na mwandishi wa habari wanaachana, na mara ya mwisho wanaonana mbele ya umati wa waandishi, ambapo haiwezekani kusemwa ila maneno ya adabu. Mwandishi ameiacha habari ambayo ingempatia fedha nyingi, na binti amerudi kwenye wajibu wake bila ya kuburutwa. Tunahuzunika, lakini tumeridhika, kwa sababu wameamua wenyewe na tumeona walichokitoa.

Nimefurahi sana kwamba hata kwetu mtindo huu umeanza kufuatwa. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inawaweka Yasmin na Denge katika Zanzibar ya siku za mwisho za ukoloni, ambapo ndoa aliyoozwa binti kwa mtu mzima asiyempenda, macho ya jamaa na serikali ya Kiingereza vyote vinasimama njiani, na hakuna hata kimoja kinachoondoka kwa bahati.

Watunzi wetu wana utajiri mwengine wanaouacha bure. Katika mji ambao salamu ya njiani husikiwa na kila dirisha, mapenzi lazima yapite kwa uficho, na uficho ni chakula cha filamu. Msichana akianika kanga yake kwa namna ambayo jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, linasomeka kutoka uchochoroni, na kijana akapita, akapunguza mwendo, akasoma, akaendelea na safari yake bila ya kuinua uso, mtunzi ameshasema mengi kuliko viapo vya robo saa vinavyofunikwa na muziki.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandika miswada hivi sasa, na huenda baadhi yao wanatarajia kazi zao zionyeshwe Ngome Kongwe katika ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, ni kwamba wasimwache baba anayekataa posa akafoka tu sebuleni. Mwandikieni maneno yake yote, na hoja zake, kwa bidii ile ile mnayowaandikia wapenzi, kisha msomeeni mzazi mmoja mwenye binti. Akisema kwamba baba huyo ana haki, basi anzeni kupiga picha.

Wasalaam,
Msomaji wako,
Mkoani, Pemba