Mkurugenzi, tunaomba matundu yetu ya hewa yarudi

Mheshimiwa Mkurugenzi, shikamoo. Mimi mzazi tu, mwanangu yuko darasa la tatu kwenye shule moja ya serikali hapa Dar, jina naliacha maana mwalimu mkuu atasumbuliwa bure na yeye hana kosa.

Iko hivi. Mwaka jana madarasa yalikarabatiwa, na kwa kweli yamependeza, rangi mpya, tailizi, madirisha ya aluminiamu. Ila mafundi wakaziba zile tofali za matundu za juu na za ukuta wa nyuma, wakapiga lipu, eti zinaingiza vumbi na popo. Halafu madirisha yenyewe ya kuslaidi, ukisukuma kioo kinaenda kujificha nyuma ya mwenzake, yaani dirisha zima linafunguka nusu tu. Zile luva tulizokuwa tunazicheka zilikuwa zinafunguka karibu lote.

Mwezi wa saba tulikaa mle kikao cha wazazi, saa tano asubuhi, mashati yameshaloa. Nikachana tishu nikaining'iniza dirishani. Haikucheza hata kidogo, na nje miembe inayumba kwa upepo wa kusi! Upepo hauingii mahali ambapo hauna pa kutokea, na pa kutokea ndo pale palipopigwa lipu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2021 walisema angalau lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu, sasa watoto 80 hiyo ni lita 800 kila sekunde, zipite kwenye nusu dirisha lenye wavu wa mbu uliojaa vumbi mpaka umekuwa kama blanketi? Akiwepo mmoja mwenye TB hajajulikana, anachokohoa kinaelea humohumo. Na chini ya dirisha hilohilo ndo yalipo majiko ya mkaa ya mama wa uji (simlaumu, alionyeshwa pale akae).

Hatuombi AC, bili ya umeme nani atalipa. Tunaomba lipu ibomolewe, kama tatizo popo tutaweka wavu kwenye matundu na tutaufua wenyewe, majiko yasogezwe mbali na madirisha. Na hao wanaochora ramani za madarasa mapya waulize kwanza kusi inapita wapi na kaskazi wapi kabla hawajamwaga zege, maana ukuta ukishasimama haugeuzwi.

Tindo na nyundo tunazo, Jumamosi tupo wazazi watatu. Tunasubiri kibali chako tu, mwalimu mkuu asije kuulizwa nani kavunja ukuta wa serikali.