Majengo mapya sawa, ila kozi fupi mtufikirie na sisi wa kazini

Mhariri, naomba kanafasi. Juzi nimepita Mlimani pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) baada ya miaka mingi, jamani pamebadilika, ile maktaba waliyojengewa na Wachina ikafunguliwa 2018 inaingiza watu 2,100 kwa mpigo, sisi enzi zetu unawahi kiti unaacha daftari mezani ukirudi unakuta limesukumwa pembeni na mtu kakalia kiti chako. Na zile hosteli za Magufuli za 2017 nazo zimepunguza mambo ya kubebana, yaani kulala wawili kitanda kimoja. Halafu ukaja mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, dola milioni 425 za Benki ya Dunia kwa vyuo vya umma. Safi kabisa.

Ila kozi fupi ndo kuna shida. Mimi mhasibu, mwaka jana nimelipia kozi ya siku 5 chuo kimoja (sikitaji), siku ya kwanza tu projekta imegoma tukamsubiri fundi mpaka chai ya saa nne, mkufunzi akaja kutusomea slaidi zilezile tulizotumiwa WhatsApp. Cheti nimepata, Excel nafundishwa na kadogo kamoja ka pale ofisini. Halafu ratiba ni asubuhi mpaka saa kumi, bosi gani atakupa ruhusa wiki nzima? Wekeni jioni au Jumamosi, na mtuletee watu waliofunga hesabu kweli, hata mstaafu wa benki, tutakaa naye mpaka usiku.

Mhasibu, Tabata, Dar