Kabla ya kulipia hoteli Unguja, hesabu mwezi

Wateja wetu wa Mbeya wanaporudi kutoka Unguja, lalamiko linalojirudia zaidi halihusu chakula wala chumba. Wanasema walikuta bahari imekauka. Hoteli ya Paje au Jambiani ililipiwa mapema, picha ilionyesha maji ya buluu hadi mlangoni, kisha asubuhi wakafungua dirisha wakaona mchanga mtupu na mawimbi yakipasuka kwa mbali kama uzi mweupe.

Hawakudanganywa. Picha ilipigwa maji yakiwa yamejaa, wao wakaamka yamekupwa. Aliyezoea kuogelea Matema hana sababu ya kulifikiria jambo hili, maana Ziwa Nyasa unaloliacha asubuhi utalikuta palepale jioni. Bahari ya Hindi ina ratiba yake, na inasomeka mapema kabisa, hata kabla hujakata tiketi ya basi.

Maji huchukua saa 6 na dakika 12 hivi kutoka kupwa hadi kujaa, na muda kama huo kurudi. Ndiyo maana saa za maji husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hupanda juu sana na kushuka chini sana, na Unguja tofauti hiyo huweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambapo tofauti hupungua hadi kama mita 1. Bamvua kali zaidi hufika siku moja au mbili baada ya mwandamo au mpevu. Ukiwa na kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, huhitaji kingine: tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18 tegemea bamvua, tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 tegemea maji mafu.

Kuna jambo moja ambalo tunaliona zuri mno kwa mpangaji wa safari. Siku za bamvua Unguja, maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Ni hivyo kila bamvua. Siku za maji mafu saa hizo hubadilishana: yanajaa mnamo saa 4 na kupwa mnamo saa 10. Za katikati utazipata kwa kuongeza dakika 50 kwa kila siku. Makadirio haya yanatosha kupanga safari, ila kwa siku yenyewe tumia jedwali la maji. Lisome kwa uangalifu, kwani 16:00 ya jedwali ni saa 10 jioni yetu, na mengine yameandikwa kwa saa za Greenwich, hivyo lazima uongeze saa 3.

Pwani ya mashariki, yaani Paje, Bwejuu na Jambiani, ufuko ni tambarare hadi kwenye mwamba wa nje. Maji yakishuka mita chache tu, eneo kubwa sana hubaki wazi. Nungwi na Kendwa, kaskazini, kina kiko karibu na ufuko, kwa hiyo unaogelea karibu saa zote. Familia yenye watoto wanaotaka kushinda majini, na safari imeangukia bamvua, tunaipeleka Kendwa bila kusita.

Lakini tusiidharau mashariki maji yakiwa yamekupwa. Hapo ndipo kisiwa kinapojionyesha. Mashamba ya mwani yanafunuka: vijiti vimechomekwa mchangani kwa mistari, kamba zimefungwa kati yake, na kila baada ya shubiri moja limening'inia tawi la mwani, laini na lenye utelezi. Akina mama wameinama wakivuna, maji yakiwafika vifundoni. Kwenye vidimbwi vyenye joto utaona viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, na kaa wadogo. Pita kando ya kamba, usizikanyage, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha, kwa sababu hapo ni kazini kwa watu. Vaa yeboyebo zilizofungwa kisiginoni. Ndala huchomoka kwenye tope, na miguu mitupu itakutana na wale viumbe wa miiba mirefu myeusi inayokatikia ndani ya nyayo.

Hatari iko wakati wa kurudi. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza hupanda kidogo, kisha saa ya tatu na ya nne huongezeka karibu mita 1 kila saa siku ya bamvua kubwa. Tena hutangulia kujaza mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na ufuko. Anza kutembea saa moja na nusu kabla ya kupwa kabisa, na saa ya kupwa ikifika geuka, hata kama mwamba unauona pale karibu.

Kwa hiyo siku ya bamvua tunaipanga hivi. Asubuhi fungu la mchanga la Nakupenda, mkabala na Mji Mkongwe, ambalo maji yakijaa humezwa. Boti iondoke saa 2 na nusu, irudi kabla ya saa 7. Ukiwa umelala mashariki, asubuhi hiyo nenda msitu wa Jozani ukawaone kima punju, ambao asili yao ni Unguja peke yake, kisha rudi uogelee kuanzia saa 8. Mgahawa uliojengwa juu ya mwamba Michamvi Pingwe utaufikia kwa miguu maji yakiwa yamekupwa, na kwa mashua yakijaa. Msikiti wa kale wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka 1107, hautegemei maji. Uweke saa yoyote.

Wanaokimbia baridi ya Mbeya mwezi Juni na Julai wajue kwamba huo ni msimu wa kusi, yaani upepo wa kutoka kusini. Boti ya kutoka Dar es Salaam hurushwa na mawimbi, hivyo anayechafukwa anywe dawa kabla ya kupanda, si akiwa njiani.

Ukituandikia, tutajie tarehe za likizo, idadi ya watu na umri wa watoto. Ondoa siku mbili za kwenda na mbili za kurudi kama unapanda basi. Tukishaangalia mwezi tutakwambia ulale kijiji gani, na kama inafaa kusogeza safari kwa siku tatu au nne.