Saa za ziada zilipwe

Ndugu Mhariri,

Katika baadhi ya maduka makubwa hapa Dar es Salaam imekuwa desturi: mlango unafungwa saa mbili usiku, mfanyakazi anasaini daftari kwamba ametoka, kisha anabaki kuhesabu bidhaa hadi saa nne. Akiuliza malipo anaambiwa wanaotafuta kazi wako wengi nje.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haisemi hivyo. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni kwa makubaliano, na kila saa hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. (Baadhi ya wasimamizi hawaguswi na masharti hayo, labda ndiyo maana siku hizi kila mtu anaitwa supavaiza.)

Kwa mnaobanwa: msisaini saa ambayo hamjatoka. Andikeni wenyewe saa za kuingia na kutoka, mtunze na ujumbe wa WhatsApp wa bosi anayewataka mbaki. Daini kwa pamoja, maana mmoja akisema peke yake atahamishiwa stoo. Ikishindikana, mwoneni afisa kazi au nendeni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Msichelewe, madai haya yana siku 60 tu tangu mgogoro uanze.

Na maofisa kazi nao wapite usiku. Ukaguzi wa saa nne asubuhi hauwezi kuona haya.

Msomaji wako,
Ubungo, Dar es Salaam