Barua ya wazi kwa Spika wa Bunge la Moldova kuhusu sheria ya Gagauzia

Mheshimiwa Spika,

Oktoba 2024 takriban asilimia 95 ya wapiga kura wa Gagauzia, jimbo lenye mamlaka ya ndani kusini mwa Moldova, waliikataa njia ya kujiunga na Umoja wa Ulaya katika kura ya maoni, na Chișinău, mji mkuu wa nchi, ikaulizana tena kwa nini Comrat, makao makuu ya jimbo, inaegemea Moscow. Fedha za Urusi zipo, hatubishi. Mwaka 2025 bashkani, yaani gavana wa jimbo, Evghenia Guțul, alihukumiwa miaka 7 jela kwa kesi ya fedha hizo. Ila nusu ya jibu imo katika Sheria ya Hadhi Maalumu ya tarehe 23 Desemba 1994, inayolipa jimbo mamlaka hayo.

Kuirekebisha sheria hiyo kunahitaji tatu ya tano ya Bunge, yaani kura 61 kati ya 101. Sheria ya kodi au ya elimu hupita kwa kura chache zaidi. Ikipita bila kuitaja Gagauzia, ofisa wa wizara hufuata mpya, Comrat hushikilia ya 1994, na wanaishia mahakamani. Hakuna aliyefuta kifungu, lakini madaraka ya jimbo yameshapungua.

Kifungu cha 14 kinamfanya bashkani kuwa mjumbe wa Serikali kwa amri ya Rais. Rais asiposaini je? Sheria iko kimya. Mwaka 2023 Rais Sandu hakusaini. Huenda alikuwa na sababu nzito, lakini jimbo zima ndilo lililokosa sauti mezani.

Tunaomba kikundi kazi cha Bunge na Baraza la Wananchi la Gagauzia, kile cha mwaka 2015, kiandae jedwali: kifungu cha 1994, sheria inayogongana nacho, rekebisho. Kianze na kodi na elimu, kwenye ugomvi mwingi. Kifungu cha 14 kiongezwe ukomo, tuseme siku 30: Rais asaini, au apeleke pingamizi Mahakama ya Katiba.

Kigagauzi ni lugha rasmi ya jimbo, lakini shuleni ni somo tu. Hesabu na historia hufundishwa kwa Kirusi, na mtoto akikua habari atazitafuta kwa Kirusi hicho hicho. Someshe­ni walimu kwanza. Vitabu bila mwalimu huishia kabatini.

Kifungu kinachowapa Wagagauzi haki ya kujiamulia mambo yao Moldova ikipoteza uhuru wake, msikiguse. Kinawakera wengi bungeni, tunajua. Kiliwekwa kwa sababu ya hofu ya kuunganishwa na Romania, na hofu hiyo Comrat bado wanayo.

Wako,
Wafuatiliaji wa sheria za majimbo yenye mamlaka ya ndani