Wenye Windows watuachie vitu pale vilipokuwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nitoe la moyoni kuhusu hii Windows 11, yaani toleo jipya la mfumo wa Microsoft unaoendesha kompyuta, maana simu mpya zikitoka kila mtu anaziongelea lakini sisi tunaokula kwa kompyuta ya mezani kila siku ya Mungu sijaona anayetusemea.

Nina steshenari ndogo hapa Msamvu, Morogoro. Mashine mbili, printa moja, fotokopi moja, na dada mmoja ananisaidia kuchapa. Kazi zetu ni zile zile mnazozijua, barua, CV, kuskani vyeti, kuprinti tiketi, kujaza fomu za mtandaoni, na mwezi wa saba ndo hatulali kwa sababu watoto wa kidato cha sita wanakuwa wamepata matokeo na kila mmoja anaomba chuo na mkopo kwa wakati mmoja.

Sasa Julai 2025 fundi mmoja alinipitia dukani akaniambia Windows 10 mwisho wake tarehe 14 Oktoba, baada ya hapo haipati tena apdeti za usalama za bure, na hilo sibishi ni kweli kabisa. Nikamwambia sawa, angalia. Mashine moja ikakubali. Nyingine ikagoma, kwa sababu Windows 11 inataka kompyuta yenye kitu kinaitwa TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na kama ni prosesa ya Intel iwe kuanzia kizazi cha nane, na hizi tunazonunua zilizotumika kutoka nje nyingi ni za kizazi cha nne, cha sita. Kwahiyo nikabaki na mashine mbili meza moja, moja ya kumi, moja ya kumi na moja. Ile iliyokubali fundi akaiwekea Jumamosi jioni, toleo alilokuwa nalo kwenye flashi yake, hakunionesha kilichobadilika, akachukua hela yake akaenda zake.

Jumatatu saa mbili asubuhi kijana wa kwanza kwenye foleni akatoa flashi. Ndani ana vyeti vyake, alikuwa ameviskani sehemu nyingine, anataka tumpunguzie ukubwa wa mafaili tumpandishie kwenye mfumo. Kazi ya dakika tano. Dada akachomeka flashi, akafungua, akabonyeza kulia, yaani kitufe cha kulia cha mausi, kwenye faili ili akopi, alafu akasimama. Mkono umeshika mausi, macho yanazunguka, hasemi kitu.

Hapa naomba mnielewe vizuri kwa sababu ndo kiini cha barua yangu. Huyu dada Kiingereza chake ni cha kawaida sana, na kompyuta nimemfundisha mimi mwenyewe, na sikumfundisha maneno, nilimfundisha mahali. Nilimwambia bonyeza kulia, shuka mpaka karibu na mwisho, ukikuta Cut basi inayofuata chini yake ndo Copy. Baada ya wiki mbili mkono ulishajua, akawa hasomi tena, anafanya huku anaongea na mteja, na miaka minne kazi imeenda hivyo. Ukiangalia steshenari za nchi hii hata na maofisi wengi tumejifunza hivyo, mashine inaongea Kiingereza na sisi tunaishika kwa mkono na kwa jicho, kwahiyo kitu kukaa pale pale kilipokuwa jana ndo lugha yetu na hiyo mashine. Ukikihamisha umetunyang'anya lugha.

Kwenye hiyo Windows 11 aliyoweka fundi, ukibonyeza kulia menyu ni fupi, na Cut na Copy hazipo kama maneno. Kuna msitari wa vipicha vidogo, mkasi, karatasi mbili, herufi A, mshale, na pipa la taka, havina jina hata kimoja chini yake. Alafu huo msitari wenyewe hautulii sehemu moja, menyu ikifungukia chini ya mausi vipicha vinakaa juu, ikifungukia kwenda juu vinakaa chini kabisa. Nasikia lengo ni vipicha viwe karibu na mausi. Sawa, lakini mtu anayekumbuka kwa mahali atakumbuka nini kama mahali penyewe panahama?

Dada akabahatisha. Akabonyeza pipa.

Wanaojua wanajua, faili likifutwa kwenye flashi haliendi Recycle Bin, lile kapu ambalo unaweza kulirudisha, limekwenda. Kikaja kile kiboksi cha kuuliza una uhakika unataka kulifuta moja kwa moja, kwa Kiingereza, na sisi kwenye hii kazi viboksi tumezoea kuvijibu Yes ili kazi iendelee. Nilimshika mkono. Kijana wa watu amesimama pale mbele ya meza anatuangalia wote wawili na lile lilikuwa faili la cheti chake cha kidato cha nne, na kama lile faili lingeenda sijui ningemwambia nini.

Kuna na hii ya Send to. Mteja akitaka kazi yake kwenye flashi, sisi hatuburuti wala nini, unabonyeza kulia, Send to, unachagua flashi, imeisha. Sasa hivi haipo pale mbele, mpaka kwanza ugonge Show more options ndo ifunguke ile menyu ya zamani nzima nzima. Yaani ya zamani ipo! Hawajaitoa, wameificha nyuma ya mlango mmoja zaidi. Kwa mtu anayefanya mara moja kwa wiki ni kitu kidogo, lakini kwangu ni mara sitini mpaka themanini kwa siku na nyuma kuna foleni, hiyo kubonyeza moja ya ziada inalipwa na nani? Kwa anayesumbuka kama mimi, chagua faili alafu bonyeza Shift na F10 kwa pamoja, inakuletea ile menyu ndefu moja kwa moja.

Na ule msitari wa chini wenye Start. Monita ya mashine ile iliyowekewa 11 ilikuwa na ufa, sentimita kama mbili za chini giza tupu, na miaka yote nilikuwa nimeuhamishia msitari juu maisha yanaendelea, tangu enzi za Windows XP, toleo la zamani, ilikuwa inawezekana kuuweka juu au pembeni. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ikaja bila huo uwezo. Unaweza kusogeza vitufe kutoka katikati kwenda kushoto, kuna setingi yake, ila msitari wenyewe ulibaki chini na kwangu chini ni giza. Nimenunua monita nyingine ya mtumba kwa ajili ya hicho tu, hela ambayo ilikuwa ya wino.

Printa ndo kabisa. Zamani kazi zikikwama unaingia Control Panel, Devices and Printers, unaona picha ya printa yako, unabonyeza kulia unaona foleni, unafuta kazi iliyokwama. Sasa ukigonga pale pale inakupeleka kwenye Settings, ukurasa mwingine na mpangilio mwingine, unaanza kutafuta upya wakati karatasi imenasa na mteja anaangalia saa.

Vijana wananiambia bro, mazoea yana taabu, utazoea tu. Nitazoea, sijakataa, nimezoea mengi. Nilianza na XP, nikaenda Windows 7, nikaenda 10. Apdeti za usalama nazitaka kuliko mtu yeyote kwa sababu flashi za wateja zinaleta virusi kila siku. Lakini usalama na kuhamisha Copy vinahusiana nini? Fundi cherehani ukimwambia mashine yake inabadilishwa mota iwe imara zaidi atashukuru, ila ukichukua nafasi hiyo hiyo kumhamishia pedali akaikute upande wa mkono, na ameshapokea vitambaa vya harusi tatu, huyo umemharibia msimu. Ndo kilichotokea kwangu mwezi wa saba.

Na hili siyo jambo la kwanza, wenye umri wangu wanakumbuka Windows 8 ya Oktoba 2012. Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa kwenye intaneti kafe ya mtu hapa hapa mjini. Kitufe cha Start, ambacho watu walikijua tangu Windows 95, kilitolewa kabisa, ukiwasha unakuta skrini nzima imejaa vigae vya rangi kama vya simu. Mzee mmoja mwalimu mstaafu alikuja na laptopu mpya kanunuliwa na mwanae, akaniamkia kwa upole kabisa mimi kijana mdogo, akaniuliza mwanangu hii kitu inazimwaje. Nilishindwa kumjibu. Tulikaa robo saa. Kumbe unapeleka mausi kwenye kona ya kulia mpaka vitokeze vitufe ubavuni, unaingia Settings, ndo unakuta Power, ndo unazima. Yule mzee alikuwa anabonyeza kitufe cha kuwashia anakishikilia mpaka ife, kila siku, na alikuwa anaogopa kuharibu zawadi ya mwanae. Sura yake mpaka leo naikumbuka.

Lakini watu dunia nzima walilalamika na wenye Windows wakasikia. Oktoba 2013 ikaja 8.1 kitufe kikarudi, na 2015 kwenye Windows 10 menyu ya Start yenyewe ikarudi. Hata hii ya 11 ni hivyo hivyo, ilitoka bila uwezo wa kuburuta faili ukalidondoshee kwenye ule msitari wa chini, ikarudi 2022, majina ya madirisha yaliyokuwa yamefungwa pamoja kwenye kaikoni kamoja yakaruhusiwa tena 2023, na apdeti kubwa ya 2024 iitwayo 24H2 imeweka maneno chini ya vile vipicha vya mkasi na karatasi. Kwahiyo wanasikia. Swali langu ni wanamsikia nani. Naamini hayo yamerudi kwa sababu watu wa huko waliandika wakapiga kelele kwa lugha zao, na sisi wa huku tunanung'unika dukani tukifunga mlango yameishia hapo.

Ndo maana nimeandika. Ndani ya Windows kuna programu inaitwa Feedback Hub, ukibonyeza kitufe cha Windows na F inafunguka, unaandika kinachokusumbua inakwenda kwa watengenezaji. Nawaomba wenzangu wa steshenari, makarani, walimu wanaochapa mitihani, tuandike. Mimi nimeandika ombi moja tu, kwamba mtu akihamishwa kutoka toleo la zamani aulizwe siku ya kwanza kabisa, unataka mpangilio wako wa zamani au mpya, na akichagua wa zamani aachiwe, menyu ndefu ibaki na msitari wa chini ukae anapotaka yeye. Wanaopenda mpya nao wapate mpya wao, sina ugomvi nao. Nimeiandika kwa Kiingereza changu cha kuunga unga alafu chini nikaandika yote tena kwa Kiswahili, maana enzi za XP waliwahi kutoa Windows ya Kiswahili kwahiyo wanajua tupo.

Kwa mafundi wetu pia. Jamani ukimwekea mtu Windows mpya kaa naye hata nusu saa umuoneshe Copy imeenda wapi, printa iko wapi, kuzima ni wapi. Na usimwekee Jumamosi jioni katikati ya msimu wake wa kazi. Ile mashine yangu iliyobaki na Windows 10 ningeweza kuiongezea mwaka mmoja wa apdeti za usalama, ule mpango upo, unaishia Oktoba 2026, na fundi hakuniambia, nimekuja kusoma mwenyewe baadaye.

Na wewe Mhariri, kama ukurasa wenu wa teknolojia unaweza kila wiki kuelezea kitu kimoja tu kwa Kiswahili pamoja na picha ya skrini, wapi kilikuwa na wapi kimehamia, mtakuwa mmesaidia watu wengi sana. Sisi tumeshaanza kivyetu. Nilikata manila nikachora mkasi nikaandika KATA, karatasi mbili nikaandika KOPI, pipa nikaandika USIGUSE kwa kalamu nyekundu, nikaibandika ubavuni mwa monita. Ilipokuja apdeti ikaleta maneno chini ya vipicha, dada akasimama tena siku hiyo, mpangilio umebadilika kidogo, na jioni baada ya kufunga duka tulikaa naye tukachora manila nyingine.

Msomaji wenu,
Mwenye steshenari, Msamvu, Morogoro